Petro: Mvuvi wa Kiyahudi aliyekabidhiwa funguo

 

Ndugu msomaji, leo naomba nikueleze habari za mtu ambaye kila mmoja wetu amelisikia jina lake, lakini wachache ndio wanaoujua mwendo wa maisha yake. Naye ni Simon Petro, ambaye Wakatoliki wanasema ndiye Papa wa kwanza. Bila shaka utajiuliza, mwalimu wa dini ya Kiislamu ana nini na Petro? Jibu limo katika kosa nililolifanya mimi mwenyewe, na hilo ndilo nitakaloanza nalo.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika sekondari moja wilayani Hanang, mkoani Manyara, chini ya ule mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Huku kwetu, na kwa jirani zetu wa Mbulu, Waislamu ni wachache. Wairaqw wengi ni Wakatoliki au Walutheri, na miongoni mwa Wabarabaig wapo waliobaki na mila za wazee wao. Msikiti, kanisa, duka na mashine ya kusaga viko mtaa mmoja. Mke wangu ni Mwiraqw aliyesilimu, na baba yake mdogo alikuwa katekista kwa miaka mingi upande wa Mbulu. Sasa mzee huyo amestaafu, analima ngano na mahindi karibu na tunapoishi. Yeye huniita mwalimu, mimi humuita baba.

Mwaka 2018 Jimbo Katoliki la Mbulu lilipata askofu mpya, Anthony Lagwen. Kiti kilikuwa kimekaa kitupu tangu 2014, Askofu Beatus Kinyaiya alipohamishiwa Dodoma. Kwa hiyo habari ilikuwa ni hiyo tu, sokoni, stendi, hata vilabuni. Haukupita muda mrefu tukafanya mhadhara wa wazi, nami nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo kikuu si zamani, shahada bado inanukia wino. Nikasema kwamba Upapa na uaskofu, kiti, funguo na kuwekeana mikono, vyote ni mambo ya wapagani wa Rumi yaliyobuniwa na Mfalme Konstantino miaka 300 baada ya Nabii Isa (AS). Nikaongeza kwamba hakuna hata chembe moja katika hayo iliyotoka kwa Bani Israil. Takbir zikapigwa. Nikarudi nyumbani najiona mshindi.

Kesho yake baada ya Alasiri mzee alikuja. Alikuwa ameyasikia yote akiwa uani kwake, kwani spika zetu zilikuwa na nguvu. Hakugombana nami. Alikunywa chai, akauliza hali ya watoto, akaulizia na mvua. Kisha akatoa Biblia yake kwenye mfuko wa rambo, akaniomba nisome kitabu cha Isaya mlango wa 22, halafu Mathayo mlango wa 16, nikimaliza nimuoneshe huyo Konstantino yuko mstari gani. Akaaga, akaenda zake.

Nikasoma usiku ule. Sikumuona Konstantino. Nikabaki na aibu, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikazungumza jambo ambalo sijalisoma. Na sisi walimu ndio tunaowafundisha watoto Suratul Maida aya ya 8, inayotuamrisha kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Tangu siku hiyo nikaanza kumtafuta huyu Petro. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mtoto wa Bani Israil

Kwanza ifahamike kwamba Petro hakuwa Mrumi. Alikuwa Myahudi wa Galilaya, kaskazini ya Palestina. Jina alilopewa kwao ni Simon, ambalo ni jina la mmoja wa watoto kumi na wawili wa Nabii Yaaqub (AS). Asili yake ni Bethsaida, kando ya ziwa la Galilaya, na baadaye alikuwa na nyumba katika mji wa Kapernaumu. Kazi yake ilikuwa uvuvi pamoja na ndugu yake Andrea, wakishirikiana na Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo. Alikuwa na mke, kwani Injili zinamtaja mama mkwe wake alivyougua homa akaponywa na Nabii Isa (AS). Ile kanuni ya mapadri wa Kilatini kutooa haikutoka kwenye nyumba ya Petro, bali ilikuja kuimarishwa na mitaguso ya Kanisa karne ya 12.

Hakuwa msomi. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasema wakubwa wa Yerusalemu walimstaajabia yeye na Yohana kwa ujasiri wao, ilhali walikuwa watu wasio na elimu. Hata kuongea kwake kulimtambulisha kuwa ni mtu wa Galilaya, kama vile kijana wa Dongobesh au wa Bassotu anavyotambulika Kariakoo mara tu anapofungua mdomo.

Sisi Waislamu tunawaita wafuasi wale Hawariyyun. Qur'an Tukufu imewasifu katika Suratu Aal Imran aya ya 52, katika Suratul Maida aya ya 111 na kuendelea, na katika Suratus Saff aya ya 14. Haikutaja majina yao. Hata hivyo wanachuoni wetu wa tafsiri na tarekh wanamtaja miongoni mwao mtu aitwaye Sham'un, na baadhi yao, walipofasiri habari za wajumbe watatu katika Surat Yasin, walisema kuwa yule wa tatu ni huyo Sham'un. Katika vitabu vya Kiislamu pia anaitwa Sham'un as-Safa. Ndugu msomaji, safa ni jiwe, na ndiyo asili ya jina la kile kilima cha Makka tunapoanzia sa'yi. Kwa Kiaramu, lugha aliyozungumza Nabii Isa (AS), jiwe ni kefa. Injili zinasema Nabii Isa ndiye aliyempa Simon jina la Kefa, Wagiriki wakalifasiri Petros, nasi tukalipokea kuwa Petro. Kwa hiyo Kefa, Petro na Safa maana yake ni moja.

Ufunguo wa nyumba ya Daudi

Sasa tuje kwenye jambo ambalo Wakatoliki wamejengea Upapa. Kwa mujibu wa Mathayo, Nabii Isa (AS) alikuwa na wafuasi wake pande za Kaisaria Filipi, chini ya mlima Hermoni, mahali panapoitwa Banias hivi leo. Akawauliza wanamuona yeye ni nani. Simon akajibu kuwa yeye ndiye Masihi. Ndipo akaambiwa kwamba yeye ni mwamba, kwamba juu ya mwamba huo kusanyiko litajengwa, kwamba atapewa funguo za ufalme, na kwamba atakachokifunga au kukifungua duniani kitakuwa vivyo hivyo mbinguni.

Mtu asiyejua mambo ya Mayahudi ataona hayo ni maneno yaliyoanguka tu kutoka hewani. Lakini waliokuwa wakisikiliza pale walikuwa Mayahudi, na kila neno kati ya hayo lina kwao.

Tuanze na ufunguo. Ile Isaya 22 aliyonipa mzee inazungumzia Yerusalemu ya karne ya 8 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, zama za Mfalme Hezekia wa ukoo wa Nabii Daud (AS). Katika jumba la mfalme palikuwa na msimamizi mkuu wa nyumba, kwa lugha yetu ya leo tungemuita waziri mkuu. Jina lake Shebna. Huyu akajisahau, akajichongea kaburi la kifahari katika mwamba kana kwamba cheo ni mali yake. Nabii akatumwa kumwambia kwamba ataondolewa, na joho lake, mshipi wake na madaraka yake vitapewa Eliakimu mwana wa Hilkia. Ufunguo wa nyumba ya Daudi utawekwa begani kwa Eliakimu, akifungua asiwepo wa kufunga, akifunga asiwepo wa kufungua, naye atakuwa baba kwa watu wa Yerusalemu.

Angalia mambo matatu hapo. La kwanza, mwenye ufunguo si mfalme. Ni mtumishi wa mfalme, anatunza nyumba isiyo yake. La pili, cheo hakiondoki na mtu. Shebna ametoka, Eliakimu ameingia, ufunguo ni ule ule. La tatu, mshika ufunguo anaitwa baba, na neno Papa asili yake ni baba. Hivi ndivyo Wakatoliki wanavyolisoma jambo hili. Masihi ni mfalme wa ukoo wa Daudi, Petro ni msimamizi wa nyumba, na Petro akifa lazima apatikane mwingine wa kushika ufunguo. Unaweza kulikataa hilo, na mimi nalikataa, lakini huwezi kusema ni fikra ya kipagani.

Kufunga na kufungua nako ni msamiati wa marabbi wa Kiyahudi. Kwao kufunga jambo ni kuliharamisha, na kulifungua ni kulihalalisha. Muislamu hahitaji kueleweshwa sana hapa, kwani anajua kazi ya mufti na anajua uzito wa fatwa. Kiti ni hivyo hivyo. Mathayo 23 inataja kiti cha Musa, ambapo waalimu wa Torati walikaa kufundisha. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliukuta mfano wake katika sinagogi la Korazin, kilomita chache tu kutoka Kapernaumu, nao ni kiti cha jiwe jeusi chenye maandishi ya Kiaramu. Sinagogi lile ni la karne za baada ya Petro, lakini linaonesha desturi yenyewe. Hicho ndicho kiti ambacho Wakatoliki wa Mbulu walisema ni kitupu kuanzia 2014 hadi 2018.

Kiongozi wa kusanyiko

Itikadi yetu inafahamika, kwamba Nabii Isa (AS) hakuuliwa wala hakusulubiwa, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 157. Wakristo wanaamini vingine. Katika masimulizi yao, usiku ule aliokamatwa Masihi, Petro aliulizwa na watu uani kama naye ni mmoja wa wafuasi, akakana mara tatu, jogoo akawika, akatoka nje akalia kwa uchungu. Wakatoliki hawaifichi habari hiyo. Wanaisoma kanisani kila mwaka.

Baada ya hapo Matendo ya Mitume inamuonesha Petro akiwa msemaji wa kusanyiko la Yerusalemu. Hawakuwa wamejitenga na dini ya Kiyahudi. Petro na Yohana walikuwa wakipanda Hekaluni saa ya tisa kusali, yaani wakati wa Alasiri kwa saa zetu. Jambo la kwanza kabisa Petro alilolisimamia lilikuwa kuziba nafasi ya Yuda aliyesaliti. Wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya. Kwa nini walihangaika kuziba? Kwa sababu walitakiwa wawe kumi na wawili, kwa hesabu ya makabila kumi na mawili ya Bani Israil. Hapo Wakatoliki wanapata hoja kwamba nafasi ya mtume ni dhamana inayorithishwa.

Kisha wakapatikana wasaidizi saba waliowekewa mikono, na baadaye wazee wa kila kusanyiko. Kuweka mikono si jambo geni. Kitabu cha Hesabu mlango wa 27 kinasema Nabii Musa (AS) alimuwekea mikono Yoshua alipomkabidhi uongozi, na mlango wa 11 unataja wazee sabini waliomsaidia kubeba mzigo wa watu. Neno la Kigiriki linalotumika kwa wazee wa Kanisa ndilo lililozaa neno la Kiingereza la kasisi, na maana yake ni mzee tu, kama sheikh kwa Kiarabu. Hata majina tunayoyatumia kwa Kiswahili yana historia. Askofu tumelipata kwa Kiarabu, nao walilipata kwa Wagiriki wakimaanisha mwangalizi. Kasisi limo ndani ya Qur'an, Suratul Maida aya ya 82, tena mahali pa kusifia unyenyekevu wao.

Petro huyo huyo ndiye aliyefika nyumbani kwa Kornelio, askari wa Kirumi mjini Kaisaria, akakaa na watu wasio Mayahudi. Baadaye kule Antiokia akasita, akajitenga nao mezani walipofika watu kutoka kwa Yakobo, na Paulo akamkabili mbele ya watu wote. Na ulipoitwa mkutano wa Yerusalemu, yapata mwaka 49, kuamua kama wasio Mayahudi watahiriwe, Petro alizungumza, lakini aliyetoa hitimisho ni Yakobo, yule anayeitwa ndugu wa Bwana. Tutarudi hapo.

Mwisho wake Rumi

Mapokeo ya zamani yanasema Petro aliishia Rumi na kuuawa zama za Mfalme Nero, ambaye aliwatesa Wakristo baada ya moto mkubwa wa mwaka 64. Yapo mapokeo kwamba alisulubiwa kichwa chini. Yapata mwaka 96 Kanisa la Rumi liliandika barua kwenda Korintho, barua inayohusishwa na Klementi. Ndani yake mateso ya Petro yanakumbushwa, na utaratibu wa kuhani mkuu, makuhani na Walawi wa Hekalu unatolewa kuwa mfano wa nidhamu katika kusanyiko. Umeona, ndugu msomaji? Watu wa Rumi wenyewe, walipotaka mfano wa uongozi, hawakwenda kwa makuhani wa Jupita. Walikwenda Yerusalemu.

Karibu mwaka 180 Irenayo wa Lyon aliandika orodha ya maaskofu wa Rumi mmoja baada ya mwingine, akianza na Lino. Mayahudi nao walikuwa na silsila yao, kwamba Torati alipokea Musa, akampa Yoshua, Yoshua akawapa wazee, na wazee wakawapa manabii. Nasi tuna sanad. Wakatoliki wa Mbulu wanafanya vivyo hivyo wanapowataja maaskofu wao kuanzia Patrick Winters wa shirika la Wapalotini, akaja Nikodemu Hhando, kisha Ruwa'ichi, Kinyaiya, na sasa Lagwen, kila mmoja akiwa amewekewa mikono na waliomtangulia.

Na Konstantino je? Alianza kutawala mwaka 306, zaidi ya miaka 100 baada ya orodha ya Irenayo. Alilolifanya ni kulipa Kanisa amani na mali, na kujenga kanisa kubwa kwenye kilima cha Vatikani mahali palipoaminiwa kuwa ni kaburi la Petro. Alikuta kiti na wenye kukikalia. Kwa hiyo maneno yangu pale mhadharani hayakuwa kweli.

Tulipotofautiana na mzee

Niliporudi kwa mzee nilimwambia haya yote, nikamuomba radhi. Lakini sikumwambia kuwa amenishinda, kwa sababu sasa nilikuwa na maswali ya haki.

Nilimuuliza, mbona mazungumzo yale ya Kaisaria Filipi yamo pia katika Marko na Luka, lakini habari ya mwamba na funguo imo katika Mathayo peke yake? Mbona mistari michache tu baadaye Petro huyo huyo anakemewa na kuitwa Shetani? Mbona katika Mathayo 18 kufunga na kufungua wamepewa wafuasi wote? Mbona Yerusalemu Yakobo ndiye aliyetoa hitimisho? Na wapi Agano Jipya linasema kwamba baada ya Petro ufunguo utakwenda kwa askofu wa Rumi? Hata Walutheri, ambao huku kwetu wana hospitali kubwa ya Haydom, wanayasoma maandiko hayo hayo na wanasema mwamba ni ile imani aliyoikiri Petro. Na lile tamko kwamba Papa hakosei anapotangaza rasmi fundisho la imani lilitolewa na Mtaguso wa Vatikani mwaka 1870.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mimi ninatafuta suke ndani ya punje. Punje ya ngano ukiipasua huoni jani wala suke, lakini mkulima wa Hanang anajua vimo. Nikamjibu kwamba nimekubali punje ni ya Bani Israil, ila sijakubali kwamba kila kilichoota shambani kimetoka kwenye punje hiyo. Akacheka sana. Hadi leo hatujakubaliana, na mimi naamini kwamba baada ya Nabii Isa (AS) amana hiyo haikwenda Rumi, bali Mwenyezi Mungu alimleta Mtume wa mwisho (SAW). Lakini sasa tunabishana juu ya jambo lenyewe, si juu ya uzushi nilioutunga mimi.

Katika mhadhara uliofuata niliomba dakika tano, nikasahihisha niliyosema. Safari hii takbir hazikusikika. Baadhi ya ndugu walisema nimewapa makafiri silaha, na kwa zaidi ya mwaka sikupewa tena kipaza sauti. Sikujuta. Hoja ya uongo, hata ikiwa inatetea haki, humuumbua mwenye kuitoa siku ikijulikana. Na katika miji hii ambayo jirani anasoma kama unavyosoma wewe, siku hiyo haichelewi.

Ufunguo wetu sisi

Kuna jambo lingine nililolipata kwa Petro na Shebna ambalo halihusu Wakatoliki. Linatuhusu sisi.

Mwaka wa 8 Hijria, Mtume (SAW) alipoingia Makka kwa ushindi, aliuchukua ufunguo wa Kaaba kutoka kwa Uthman bin Talha. Walikuwepo jamaa wa Mtume waliotamani wapewe wao heshima hiyo. Lakini Mtume (SAW) aliurudisha kwa Uthman, na wafasiri wengi wanaiunganisha habari hiyo na Suratun Nisaa aya ya 58, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Ukoo wa Bani Shayba unaushika ufunguo huo hadi leo. Basi sisi nasi tunajua maana ya ufunguo wa nyumba ya Mungu. Mshika ufunguo si mwenye nyumba.

Tunalijua, lakini je, tunalifanyia kazi? Nimeona msikiti mmoja, siutaji, ambapo kamati mbili zilibadilishana makufuli kwa wiki mbili. Wa kwanza akifunga usiku, wa pili anavunja alfajiri, na waumini wanasali uani kwenye baridi. Kila upande ulikuwa na katiba yake, na mihuri yake. Hakuna aliyekuwa Konstantino pale. Wote walikuwa ni akina Shebna, wanajichongea makaburi ndani ya mwamba wa watu. Nilipoyaona hayo niliwaza, hivi mimi nilikuwa na haki gani ya kuwacheka Wakatoliki kwa kugombania kiti, ilhali wao walikaa karibu miaka minne na kiti kitupu Mbulu na hakuna kufuli lililovunjwa?

Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang yakafukia nyumba na watu Katesh na Gendabi. Siku zile hapakuwa na wa kuuliza nani anashika ufunguo gani. Mzee katekista, pamoja na umri wake, alikuja na jembe. Tulichimba upande mmoja, tukabeba maiti za Waislamu na za Wakristo, kila mmoja akazikwa kwa dini yake. Jioni moja tukiwa tumekaa juu ya gogo, tope limetukaukia mwilini, nilimshukuru kwamba siku ile hakuja kunigombeza bali alikuja na kitabu. Akasema alijua kwamba mwalimu akipewa kitabu atasoma.

Ndugu zangu Waislamu, tuendelee kulingania dini yetu, na tusiogope kutofautiana na wengine kwa hoja. Lakini kabla ya kupanda jukwaani kuisema dini ya jirani, tuisome kwanza, na tukikosea tuwe na ujasiri wa kurudi jukwaani tukiri. Na wale waliokabidhiwa funguo za misikiti, shule na mali za Waislamu, wakumbuke kwamba walizikuta kwa mtu na watamuachia mtu.

Wallahu a'lam.